Mhadhiri, Ukikosea Siku ya Maandamano, Dai Kikao

Simu za wahadhiri vijana huniingia usiku. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa miaka mingi, katika chuo binafsi ambacho jina lake tuliache, na wanafunzi wakigoma, iwe ni mikopo, maji au matokeo yaliyochelewa, hazipiti siku nyingi kabla mwalimu mmoja hajaonekana kwenye video akikwaruzana na mtu. Swali lao huwa lilelile: "Dada, nijiuzulu?" Nawaambia wasiandike chochote mpaka asubuhi. Kisha nawasimulia habari za Melissa Click.

Click alikuwa mhadhiri wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Missouri, mjini Columbia, Marekani. Mwaka 2015 wanafunzi weusi wa chuo kile walichoshwa na matusi ya kibaguzi na uongozi uliokaa kimya. Wakaunda kundi lenye mwaka 1950 katika jina lake, mwaka ambao chuo kilimpokea mwanafunzi mweusi kwa mara ya kwanza, wakapiga mahema uwanjani. Mmoja wao akagoma kula. Wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wakatangaza kwamba hawachezi mpaka rais wa mfumo mzima wa chuo aondoke, na Novemba 9 rais akajiuzulu.

Siku hiyohiyo waandishi wakataka kuyafikia mahema, wanafunzi wakawazuia kwa kushikana mikono. Kijana mmoja, naye mwanafunzi, akapenya huku kamera yake ya video inarekodi. Click akamwambia aondoke, akaipiga kamera kwa mkono, halafu akageuka na kupaza sauti aletewe wenye misuli wamsaidie kumtoa. Uwanja wenyewe ulikuwa wa umma. Na mwalimu huyu alikuwa na nafasi ya heshima katika shule ya uandishi wa habari ya chuo hichohicho! Kesho yake aliomba radhi na kuiachia nafasi ile, lakini video ilikuwa imeshazunguka dunia.

Kwa kitendo chenyewe mimi simtetei. Mwalimu hamwekei mwanafunzi mikono wala haiti watu wamwekee. Ninachotaka wenzangu wakitazame ni kilichofuata.

Zaidi ya wabunge 100 wa jimbo, wa chama cha Republican, waliandika barua wakitaka afukuzwe. Wahadhiri wenzake zaidi ya 100 nao walikuwa wameandika ya kumuunga mkono. Januari 2016 mwendesha mashtaka wa mji akamfungulia shtaka dogo la shambulio, likaisha kwa makubaliano: saa 20 za kuitumikia jamii. Bodi ya wasimamizi ikamsimamisha kazi, ikakodi kampuni ya mawakili ifanye uchunguzi, ikaongeza na video nyingine ya Oktoba ambamo anamtukana polisi aliyekuwa akiwaondoa wanafunzi barabarani. Mwishoni mwa Februari bodi ikapiga kura, 4 kwa 2, akafukuzwa.

Sasa hapa ndipo penyewe. Chuo kile kilikuwa na utaratibu wake: tuhuma dhidi ya mhadhiri zinasikilizwa kwanza na kamati ya wahadhiri wenzake. Kamati hiyo haikuketi. Aliporuhusiwa kukata rufaa, rufaa ilikwenda kwa bodi ileile iliyomfukuza, nayo ikaitupa mwezi Machi. Chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1915, kilituma watu wake kuchunguza, na Juni 2016 kikakiweka chuo katika orodha yake ya vyuo vinavyolaumiwa. Chama kililalamikia mtu kufukuzwa bila kikao cha wenzake, hakikudai kwamba hakukosea. Mambo hayo mawili watu wengi huyachanganya, hata walimu wa sheria niliowahi kubishana nao.

Kikao kina faida gani kama kosa liko kwenye video? Nimeona. Mwenzetu mmoja alishtakiwa kwa kumpokonya mwanafunzi bango siku ya mgomo. Mezani palikuwa na bahasha ya kaki, chupa za maji na kompyuta ya mwenyekiti, na kilichochezwa ni kipande kifupi mno, mkono unavuta bango, basi. Nikauliza kipande kilichobaki kiko wapi. Kimya. Katibu wa kikao, mama mtaratibu asiyependa makuu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwenye kundi lao la kwaya kuna mtu aliitupia ndefu zaidi. Ikachezwa kwenye simu yake, sisi sote tumeinamia kioo kilichopasuka pembeni: mwalimu anavuta bango, anamrudishia mwenyewe, anasema "samahani mdogo wangu," anaondoka. Alikosea, na kikao kilisema hivyo. Alipewa onyo la maandishi, na hadi leo anafundisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza, usijiuzulu kwa aibu. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37, inamtaka mwajiri athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki. Ukiandika mwenyewe barua ya kuondoka umemtua mzigo huo, na wanasheria wa mwajiri wanalijua hilo kuliko wewe.

Mwombe radhi uliyemkosea, mapema, kwa maneno machache, bila "lakini" ndani yake. Barua ya kujieleza kwa mwajiri ni kitu kingine: jibu tuhuma moja moja kama zilivyoandikwa, na kama hazijaandikwa, omba ziandikwe. Tafuta video nzima wakati bado ipo kwenye simu za watu, maana wiki ya pili wameshafuta ili wapate nafasi. Na vyombo vya habari viache kwanza. Click alifanya mahojiano wakati shauri lake halijaisha. Ningekuwa karibu naye ningemsihi anyamaze mpaka atakaposikilizwa rasmi, ingawa namwelewa, mtu aliyetukanwa na nchi nzima anatamani kusema neno. Miezi michache baadaye alipata kazi Chuo Kikuu cha Gonzaga.

Kuhusu kuwatetea wanafunzi wenyewe, sikukatazi. Simama nao, wapelekee maji, andika barua yenye jina lako. Ila ukiona kamera, weka mikono yako mfukoni.

Ukifukuzwa bila kusikilizwa, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Walio vyuo vya umma wana njia yao, inayopitia Tume ya Utumishi wa Umma, kwa hiyo uliza kabla hujaenda mlango usio wako. Barua ikiletwa, andika tarehe na saa juu ya bahasha mbele ya mhudumu aliyeileta, asaini, na wewe upige picha hapohapo. Nimeona shauri zuri likikwama kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha barua ilipokewa lini.