Swali la lugha: “Alimshinda kwa sekunde 24.12” ina kosa gani?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi niko Jinja, tuko na kagrupu ketu ka WhatsApp ka watu wa kuogelea na mimi ndo huwa naweka matokeo kwa Kiswahili, ju wengine ni wa kutoka Kenya na Kongo. Juzi tulikuwa tunabishana juu ya ile fainali ya wanaume, mita 50 mtindo wa mgongo, mashindano ya dunia ya Budapest 2022, nikaandika “Ress alimshinda Armstrong kwa sekunde 24.12”. Mama mmoja wa Mombasa akacheka sana akauliza, kwani huyo Armstrong alikuwa anaogelea ama anaoga? Namba ni ya kweli nimeiangalia mara mbili, sasa kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Namba iko sawa, Justin Ress wa Marekani aligusa ukuta kwa 24.12, na Hunter Armstrong ambaye ni Mmarekani mwenzake akagusa kwa 24.14. Kilichomchekesha huyo mama ni hiyo -m- uliyoiweka kwenye “alimshinda”.

Hii “kwa” inafanya kazi mbili na zote ni halali, saa zingine inataja muda mtu aliotumia na saa zingine inataja pengo kati ya watu wawili. Ungeandika tu “Ress alishinda kwa sekunde 24.12” hakuna mtu angekucheka, msomaji anamuona mtu mmoja na muda wake basi. Lakini ukishaweka -m- na ukamtaja na aliyeshindwa, sentensi imekuwa ya kulinganisha, na namba yoyote itakayofuata “kwa” itasomwa kama pengo, utake usitake. Kwa hiyo wewe umetuambia Ress amefika, ametoka kwenye maji, ameanza kujipangusa, na Armstrong bado yuko katikati ya bwawa, ju amechukua sekunde 48 na kitu kwa mita 50, mwendo ambao hata vijana wa klabu wanaupita. Mama wa watu ana haki ya kucheka bwana.

Tuchukue ya nyumbani. Mita 10,000 za Olimpiki ya Paris 2024, Joshua Cheptegei wetu wa Uganda alitumia dakika 26:43.14 na Berihu Aregawi wa Ethiopia 26:43.44. Sema “Cheptegei alishinda kwa dakika 26 na sekunde 43”, sawa kabisa. Sasa sema “Cheptegei alimshinda Aregawi kwa dakika 26 na sekunde 43”, huyo Aregawi atakuta wamezima taa za uwanja wameenda kulala. Pengo lao lilikuwa sekunde 0.30 tu.

Ukitaka vyote viwili kwa sentensi moja, peleka muda kwenye kitenzi kingine: “Ress, aliyetumia sekunde 24.12, alimshinda Armstrong kwa sekunde 0.02.” Ama “Ress alishika nafasi ya kwanza akitumia sekunde 24.12, mbele ya Armstrong.” Mimi hii “akitumia” naipenda kuliko zote, fupi na haina utata. Magazeti yanapenda “kwa muda wa sekunde 24.12”, sikatazi, ila ukiiweka pamoja na -m- tatizo linarudi vilevile.

Alafu kuna kuisoma kwa sauti, ju najua kwa grupu mnatumiana na voisi. Huku kwetu Kampala watu wanasema “pointi”, “amemshinda kwa pointi sifuri mbili”, na asiyejua mchezo anafikiri kuogelea kuna pointi kama netiboli. Sema “nukta”: sekunde sifuri nukta sifuri mbili. Ama “sehemu mbili za mia za sekunde”. Usije ukafupisha ukasema “mia mbili za sekunde”, hapo wengi watasikia sekunde 200! Na ikiwa ni namba kama ile ya Thomas Ceccon wa Italia aliyechukua dhahabu ya mita 100 mgongo huko Paris, 52.00, hakuna haja ya kuhesabu sifuri, sema “sekunde hamsini na mbili kamili”.

Hujaniuliza lakini lazima niseme, ju mkiwa mnaongelea hiyo fainali mtafika tu. Baada ya kugusa, Ress aliondolewa, waamuzi wakasema alizama mwili mzima pale mwisho, na sheria ya wakati huo ilikataza. Dhahabu ikaenda kwa Armstrong, baadaye wakaangalia tena video wakamrudishia Ress. Sasa kile kipindi cha katikati watu huandika “Ress alishindwa na Armstrong”. Hapana. Kushindwa na mtu ni kupitwa, na huyu hakupitwa na yeyote, aliondolewa, ama matokeo yake yalifutwa.

Na kama mko na Waganda wanaojifunza kwa grupu, waambieni “alishinda” peke yake ina maana mbili, ju Luganda inatenga okuwangula (kupata ushindi) na okusiiba (kukaa mahali mchana kutwa) lakini Kiswahili kimeziweka zote kwa kushinda. “Ress alishinda bwawani” inaweza kuwa ni ushindi, inaweza kuwa jamaa alikaa kwa maji tangu asubuhi mpaka jioni. Taja mbio zenyewe: alishinda mita 50 za mgongo. Usiseme “alimshinda kwa mgongo”, hiyo “kwa” itageuka kuwa pengo tena, kama vile alimzidi kwa upana wa mgongo.

Ingawa ukitaka utani, pengo la mwili unaweza kulitumia vizuri. Mtu wa mita 50 kwa sekunde 24 anakwenda karibu mita mbili kila sekunde, kwa hiyo hizo 0.02 ni kama sentimita nne. Mwandikie yule mama wa Mombasa: Ress alimshinda Armstrong kwa vidole viwili.