Kopi za potreti ndo zinanilisha, na sioni haya kusema

Wiki iliyopita printi ya mwisho (yaani nakala iliyochapwa) ya potreti yangu ya bibi mwenye kitambaa cha kijani imeondoka, zote nilizotoa zimekwisha, na mtu wa kwanza kunitumia meseji alikuwa yuleyule msanii mwenzangu ambaye miaka ya nyuma alinitangaza mbele za watu kwamba mi sio mchoraji, mi ni mashine ya fotokopi. Sasa hivi ananiita mdogo wangu. "Mdogo wangu hongera sana, hebu nielekeze, zile kopi unazitoaje mpaka rangi ya ngozi inabaki vilevile?" Nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza, maana kiukweli lile neno la fotokopi halijawahi kunitoka moyoni. Nimemjibu vizuri tu, kwa adabu zote. Ila najua wengi mnaonisoma hapa mnataka kuishi kwa kuchora sura za watu, kwa hiyo naona bora niyamwage yote hapa mfaidi wote, na yeye akiwemo.

Nianze na lile ambalo wachoraji hatupendi kulisema kwa sauti. Potreti orijino inauzwa mara moja tu. Mteja akishaibeba ndo imeenda hiyo, itaning'inia sebuleni kwake na watakaoiona ni wageni wake, wewe umebaki na brashi chafu. Mimi kodi yangu inalipwa na kopi. Na sio kodi tu, hata jina langu limebebwa na kopi, maana karibu kila anayeniambia anaipenda kazi yangu hajawahi kusimama mbele ya orijino hata moja.

Sasa mtu akikwambia kopi ni kazi ya watu wasio na kipaji muulize kama anamjua Gilbert Stuart, mchoraji wa Marekani. Huyu alimchora George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, mwaka 1796, akaiacha ile picha haijamalizika, na akakataa kuiachia, kwa nini? Kwa sababu aliitumia kama mama wa kopi. Alikaa nayo studio akawa anachora nyingine kutoka kwenye hiyo na kuziuza, makumi ya kopi, mpaka anakufa mwaka 1828 orijino bado anayo. Ile sura ndo iliyokuja kuchongwa kwenye noti ya dola moja ya Marekani. Mtu na fotokopi yake huyo.

Au chukua Hans Holbein, mchoraji Mjerumani. Mwaka 1537 alimchora mfalme Henry VIII wa Uingereza ukutani kwenye kasri la Whitehall, amesimama kapanua miguu, mabega kama mlango. Mwaka 1698 kasri likaungua na ukuta ukaenda nao. Lakini leo ukimwambia mtu amfikirie Henry VIII anamuona hivyohivyo, kwa sababu watu walikuwa wameinakili mapema, na mmoja wao, Remigius van Leemput, alitoa nakala ndogo ya picha nzima mwaka 1667. Moto ulikula orijino, kopi ikabaki.

Na tusiende Ulaya kila mara. Ben Enwonwu wa Nigeria alimchora Tutu, binti wa ukoo wa kifalme wa Ife, matoleo matatu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Orijino zikapotea, hakuna anayejua ziko wapi, ila printi zake zilikuwa zimetundikwa kwenye nyumba za watu Nigeria nzima. Baadaye toleo moja likakutwa kwenye fleti London, na Februari 2018 likauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 1.2. Mi najiuliza, bila zile printi za majumbani nani angelia kwamba Tutu kapotea? Printi ndo zilizomfanya atafutwe.

Haya, tuje kwenye mkono. Mimi mkono wangu umetengenezwa na kunakili, sikusoma chuo cha sanaa. Nilikuwa nachukua potreti za Rembrandt, mchoraji wa zamani wa Uholanzi, zile alizojichora mwenyewe uzeeni, nazichora tena kwa rangi za mafuta, naharibu, nafuta, narudia. Kilichonifungua macho ni kivuli. Kivuli kwenye sura zake sio cheusi, ni rangi nyembamba nyembamba zimelaliana, kahawia, nyekundu, kijani kidogo, halafu upande wa mwanga ndo rangi nzito kabisa imepakwa mpaka unaona njia ya brashi kwenye paji la uso na pua. Hicho kitu hakuna video itakufundisha kama hujakifanya kwa mkono wako. Na usione aibu, mchoraji Rubens alikuwa tayari ni mtu mzima mwenye jina kubwa alipoenda Madrid mwaka 1628, na akiwa kule alikaa chini akanakili picha za Titian, mchoraji wa Italia aliyemtangulia, zilizokuwa kwa mfalme. Rubens! Wewe na mimi ni nani.

Kuna na ile nakala ya Mona Lisa, picha ya Leonardo da Vinci, iliyoko makumbusho ya Prado, nayo Madrid. Kwa muda mrefu ilionekana kopi ya kawaida tu yenye mandhari nyeusi nyuma. Walipoisafisha, mwaka 2012 ikatangazwa kwamba chini ya ule weusi kuna milima na maji yale yale, na marekebisho yaliyo chini ya rangi yanafuata ya Leonardo mwenyewe, maana yake aliyeinakili alikuwa karakana moja na mwalimu wakichora sambamba. Na ina nyusi! Kuna mambo kwenye kopi unayaona vizuri kuliko kwenye orijino yenye varnishi (ile ya kung'arisha inayopakwa juu ya picha) iliyozeeka. Kwa hiyo nakili. Nakili sana. Ila usiweke sahihi ya mwenye kazi, hapo unahama kutoka uanafunzi unaingia utapeli. Makumbusho ya Louvre, Paris, wanaruhusu watu kukaa mle ndani na kunakili, lakini wanataka nakala yako isiwe saizi moja na orijino na sahihi usiiguse. Mi hata nikinakili nyumbani nafuata hiyo.

Sasa lile swali la kaka yetu wa fotokopi, rangi ya ngozi. Hapa ndo watu wanapotoa machozi. Unachora ngozi nyeusi vizuri kabisa, ina zambarau, ina bluu ya anga kwenye shavu, ina machungwa pale mwanga unapogonga, unaipeleka ikaprintiwe inarudi tope. Sio bahati mbaya. Mambo ya kupiga na kusafisha picha za rangi kwa miaka mingi yalipimwa kwa ngozi nyeupe, kampuni ya filamu ya Kodak walikuwa na kadi zao za kupimia zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, mashine ikishamtoa Shirley vizuri basi kazi imekwisha. Siku hizi vifaa ni bora mno, lakini kamera ukiiachia iamue yenyewe mwanga bado inaweza kukuharibia sura nyeusi kwenye mandhari nyeupe.

Kwa hiyo mi nafanya hivi. Napiga picha potreti kabla sijapaka varnishi, kwa sababu varnishi inang'aa na ule mng'ao ukishaingia kwenye picha hautoki. Kamera juu ya stendi, imeitazama kanvasi uso kwa uso bila kuinama, taa mbili zinazofanana kulia na kushoto kwa nyuzi 45, za chumba zote nazima. Pembeni ya kanvasi naweka kadi ya rangi ili baadaye kwenye kompyuta nijue nyekundu ni nyekundu ya kweli. Napiga faili ghafi (RAW), sio ile iliyobanwa. Na saizi uifikirie mapema: ukitaka printi ya sentimita 40 kwa 50 yenye nukta 300 kwa inchi unahitaji karibu pikseli 4,700 kwa 5,900, sasa mtu ananitumia picha aliyoitoa kwenye WhatsApp anataka kopi ya ukutani, jamani.

Halafu skrini inakudanganya. Skrini ina taa yake ndani, karatasi haina, kwa hiyo printi itatoka nzito kuliko ulivyoiona, na panapoumia kwanza ni chini ya kidevu, matundu ya pua, nywele na kope. Yale maeneo nayapandisha mwanga kidogo sana, kidogo tu, ukizidisha bibi wa watu anageuka jivu. Natoa printi ndogo ya majaribio, naiangalia dirishani kwa mwanga wa mchana, halafu naiangalia usiku chini ya balbu ya njano, kwa sababu rangi mbili zinaweza kufanana mchana na kuachana usiku. Nikiridhika na kote kuwili ndo naruhusu. Wino uwe wa pigmenti, karatasi ya pamba isiyo na asidi, kwa sababu karatasi ya bei chee inageuka njano na huyo mteja hatamlaumu mwenye karatasi, atakulaumu wewe. Watu wananiambia napoteza muda kwenye majaribio. Sawa. Printi zangu zimeisha, zao ziko kabatini.

Sasa niongee kitu kinachoniuma. Kuna mteja mmoja, simtaji, nilimchorea potreti ya baba yake, tukamalizana vizuri, tukashikana mikono. Baada ya muda nakutana na ile sura kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye kalenda, na pale kona ya chini kulia palipokuwa na sahihi yangu wamekata pale. Wamekata kwa makusudi maana ukiangalia vizuri unaona mkia wa herufi ya mwisho umebaki. Nilipouliza nikaambiwa "si tulikulipa?" Sikulala ule usiku, na mpaka leo nikiona kikombe chenye picha ya mtu nakigeuza kwanza niangalie kona.

Sikilizeni basi. Kulipwa kwa kanvasi na kuuza haki ya kuinakili ni vitu viwili tofauti. Nchi nyingi sheria inamuachia mchoraji hakimiliki hata kama picha imeshauzwa, ila kwa kazi ya oda zinatofautiana, kwa hiyo usikae kutegemea sheria, andikeni. Karatasi moja inatosha. Nani anaruhusiwa kutoa kopi, kwa matumizi gani, ngapi, na sahihi haikatwi. Andikeni mkiwa bado mnapendana, kabla hata ya mchoro wa penseli. Na wewe mchoraji usijifanye malaika, ile sura sio yako, ina mwenyewe, huwezi kumchora mama wa watu halafu ukamuuza kwenye printi bila kumuuliza. Yule bibi wa kitambaa cha kijani nilimuuliza, akakubali kwa maandishi, na printi namba moja iko kwake.

Mkishakubaliana idadi, iheshimu. Ukiandika 12/50 kwa penseli chini ya picha, yaani hii ni ya 12 kati ya 50, umemuahidi mnunuzi kwamba hakutakuwa na 51. Nimeshaombwa niongeze chache "za kimyakimya" za huyu bibi, kwa hela nzuri tu, nimekataa. Anayetaka asubiri potreti nyingine, ndo naianza.

Na zile printi za majaribio usimgawie mtu hata akikubembeleza, maana zitakuja kuuzwa kama za kweli. Zangu nazikata vipande pale sura ilipo, na ile karatasi ya pamba nyuma bado ni nzuri sana kwa kuchorea mkaa.