Kibali cha ukaazi hakimfanyi mtu mkaazi wa kodi

Swali: Mimi ni mhasibu wa kampuni ya ujenzi hapa Lindi. Oktoba mosi mwaka jana tulimpokea mhandisi kutoka India mwenye kibali cha ukaazi cha miaka miwili, nami nikamkata kodi ya mshahara kwa viwango vya mkaazi. Sasa anadai kwamba mwaka ule hakuwa mkaazi, hivyo alistahili kukatwa asilimia 15 tu. Inawezekanaje? Na mpwa wangu, ambaye ni daktari, anasema yuko rezidensi. Je, ni neno lile lile?

Jibu: Ndugu mhasibu, kwa maelezo uliyotoa, mhandisi wako anaelekea kuwa na haki. Kosa ulilofanya nimelikuta mara nyingi hapa Mtwara tangu shughuli za gesi zilipoanza kuleta wageni, na chanzo chake ni kwamba sheria mbili zinatumia neno moja kwa makusudi tofauti. Kibali cha ukaazi, ambacho kwa mwajiriwa kama huyo huwa ni cha daraja B, hutolewa na Uhamiaji, nacho humruhusu mgeni kukaa nchini kwa muda uliotajwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiulizi kabisa kama mtu ana kibali. Inauliza kama ana makazi ya kudumu nchini, na amekuwepo siku ngapi katika mwaka wa mapato, unaoanza Januari mosi na kumalizika Desemba 31.

Mwenye makazi ya kudumu Tanzania huwa mkaazi hata akiwepo kwa sehemu ndogo tu ya mwaka. Asiye nayo huwa mkaazi akifikisha jumla ya siku 183 katika mwaka husika, na siku hizo si lazima zifuatane. Kipo pia kipimo cha tatu, ambacho wahasibu wengi hukisahau: akiwepo mwaka husika na kila mmoja wa miaka miwili iliyoutangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka, anahesabiwa mkaazi. Kwa mfano, aliyekaa siku 110, kisha 130, kisha 140, ana wastani wa karibu siku 127, basi mwaka wa tatu ni mkaazi ijapokuwa hajawahi kufikia 183.

Mhandisi wako, kuanzia Oktoba mosi hadi mwisho wa Desemba, ana siku 92 tu, iwapo hakuwa amefika nchini mapema mwaka huo. Linabaki suala la makazi ya kudumu. Kwa maoni yangu, chumba katika nyumba ya wageni ya kampuni, huku mke, watoto na nyumba yake viko India, hakitoshi kuitwa hivyo, lakini aliyepanga nyumba na kuhamishia familia yake Lindi ana hoja dhaifu zaidi. Tofauti ya fedha si ndogo, kwa sababu mkaazi anayelipwa vizuri hukatwa asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi. Usimrudishie chochote kutoka mfuko wa kampuni kabla ya kuwasilisha TRA hesabu ya siku zake pamoja na nakala za kurasa za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka.

Mwaka huu hali inageuka: akifanya kazi mfululizo atapita siku 183, kwa hiyo viwango vya mkaazi ndivyo vinavyomhusu. Akidai kwamba bado ni mkaazi wa India pia, utasoma mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili uliopo kati ya nchi hizi mbili, ambao una utaratibu wa kuamua ukaazi upi unashika.

Rezidensi ya mpwa wako ni mafunzo ya ubingwa. Jina hilo lilitokana na madaktari vijana, hasa wa hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19, walioishi ndani ya hospitali wakati wakijifunza. Halihusiani na Uhamiaji wala kodi, na mwajiri wake ataendelea kumkata kama Mtanzania mwingine yeyote anayeishi nchini.