Jibu: Kuandika kwa Kiingereza kuhusu Melitopol

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba kila unapoandika kwa Kiingereza kuhusu Melitopol, mji wenu wa kusini mwa Ukraine ambao Urusi inaukalia kimabavu tangu mwaka 2022, maandishi yako yanageuka kuwa taarifa ya habari. Mimi huandika kwa Kifaransa kuhusu Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na tatizo hilo ninalifahamu.

Kabla ya lugha, kagua usalama: ikiwa shangazi yako unayemwandika amebaki huko, badilisha jina, mtaa na kazi yake, kwa sababu wanaosoma Kiingereza si wale unaowakusudia tu. Kisha tazama vitenzi vyako. Je, mji mzima umeuweka katika wakati uliopita, ilhali miti ya cheri bado inazaa na watu wanachuma, ingawa sasa wanalipana kwa rubli na saa zao zinafuata Moscow? Kwangu, ubaridi wa taarifa ya habari uliingilia hapo hapo. Msimulie mtu kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, ndipo uandike. Sentensi fupi zinatosha, wala usizipambe. Kuhusu swali lako la wachapishaji, nawaachia wenye uzoefu.