Nilianza na magoti ya mamangu

Swali lenu la wiki hii linauliza, mtu akitaka harusi ndogo ya ufukweni nchi za watu, tuseme Italia, aanze na nini? Nimeshindwa kulijibu kwa mistari mitatu, mnisamehe, ntaandika kwa urefu.

Mimi yangu nimeifanya. Ilikuwa Septemba, mji mdogo unaitwa Maiori, pwani ya Amalfi, kusini ya Naples, tulikuwa watu 19 ukituhesabu na sisi maarusi. Na jibu langu ni kwamba uanze na mtu. Yule mmoja ambaye akikosekana basi hiyo harusi hata huitaki, muweke mbele, halafu ujiulize yeye ataweza nini na hataweza nini, mengine yote yatajipanga nyuma yake, mji, tarehe, chakula, mpaka viatu. Kwangu mimi mtu huyo alikuwa mamangu. Ana miaka 71, magoti yanamuuma, na ndege alikuwa hajapanda hata siku moja.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Kwetu Waitaliano si wageni, wamekuwako tangu zile siku za jukwaa la San Marco kule baharini Ngomeni walikorusha setilaiti 1967, wengine wakaja likizo wakajenga wakakaa, mpaka leo kuna wauza embe Malindi wanakutajia bei kwa Kitaliano. Kwa hivyo mume kuwa Mwitaliano halikumshtua mtu nyumbani. Kilichowashtua ni kusikia watu 19. Nilikuwa nimeshaolewa nikaachika, na ile harusi ya kwanza ilikuwa na watu zaidi ya 400, kamati, vikao vya mchango kila Jumapili kwa miezi mitano, na nikiwaambia ukweli siku yenyewe sikuzungumza na mamangu hata dakika kumi. Hilo ndo liliniuma miaka yote. Safari hii nilitaka nimuone.

Sasa tunaishi Bologna, na Bologna haina bahari, na mimi kuolewa mahali nisiposikia bahari siwezi, hilo mume wangu alilikubali bila mjadala. Mwanzo tulikuwa tunaangalia Positano kama kila mtu, manake zile nyumba za rangi zilivyopandana mlimani, kwa picha ni kitu kingine. Tukaenda kuona mwezi wa tatu, watu wakiwa wachache. Jamani, ngazi. Kutoka barabarani hadi ufukweni ngazi, kutoka hotelini hadi mkahawani ngazi, gari halifiki, na mzee akichoka katikati hujui umpeleke juu au umshushe chini. Amalfi pale uwanjani ni tambarare lakini kanisa kuu la Mtakatifu Andrea lina ngazi 62 mbele ya mlango. Ravello iko juu mlimani, nzuri sana, lakini bahari unaitazama kwa mbali. Mi nikawa nahesabu ngazi naandika kwenye simu.

Siku ya pili tukasimama Maiori kununua maji tu, na nikaona barabara pana imenyooka kutoka ndani ya mji mpaka baharini, tambarare kabisa, na ufukwe mrefu, ndio mrefu kuliko wote wa pwani ile, karibu kilomita moja, na pembeni yake njia ya kutembea ambayo hata mwenye fimbo anaenda bila wasiwasi. Watu huwa hawaisifu sana Maiori, wanasema majengo yake ni ya juzijuzi. Na kuna sababu. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1954 ilinyesha mvua kubwa, milima ikaporomoka, mto Reginna ukaufagia mji, Salerno na miji ya jirani wakafa watu zaidi ya 300, na Maiori ilipojengwa upya ndo ikapata upana ule. Mzee mmoja muuza malimau ndiye aliyenieleza, akanionyesha kwa mkono ukutani maji yalifika wapi, mkono ukawa juu ya kichwa chake. Nikakumbuka kwetu El Nino ya 97. Nikamwambia mume wangu, ni hapa.

Na ni hapa vilevile kwa sababu ya boti. Barabara ya pwani ile, wanaiita SS163, ni kona juu ya kona, mlima huku bahari kule, na msimu wa watalii kuna siku magari yanapishana kwa namba, shufwa leo witiri kesho, na mamangu gari la kona linamtapisha tangu zamani. Lakini kuanzia kama Aprili hadi Oktoba kuna boti za abiria zinatoka Salerno zinapita miji kadhaa ya pwani ile, Maiori ikiwemo. Roma mpaka Salerno kwa treni ya kasi ni kama masaa mawili, na ukishuka gati haliko mbali. Naikumbuka ile asubuhi, amevaa koti langu la baridi juu ya leso mbili wakati wengine wako na fulana, akaangalia boti, akaangalia maji, akainama akavua viatu akavishika mkononi. Nikamwambia mama, huku hawavui. Akasema, "Nyinyi msivue, mimi mguu wangu unataka kujua unakanyaga nini." Akapanda mwenyewe, hakushikwa na mtu.

Lakini hayo yote ni bure kama viza haikutoka, na hapa ndo watu wengi wanachelewa. Ombi la viza ya Schengen, yaani ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko, pamoja na kurasa mbili tupu. Hiyo ya miezi 3 ndiyo iliyotuponza. Tulikagua pasipoti ya mama, ya dadangu, za watoto, ya mjomba hatukukagua kwa sababu yeye alishasafiri Oman mara mbili tukaona anajua. Kumbe inaisha Novemba, na mpya haikutoka kwa wakati. Na mjomba ndiye alikuwa asimame mahali pa marehemu babangu. Mpaka leo nikikumbuka koo linanikaba. Nawasihi, kusanyeni pasipoti zote mezani, mshike moja moja, msome tarehe kwa sauti, hata ya yule mjuzi.

Karatasi za maarusi nazo zina yake. Kwa kawaida mgeni haolewi Italia bila nulla osta, yaani barua ya serikali ya kwenu kwamba huna kizuizi, na sisi Wakenya tunaipata ubalozi wetu Roma, kisha unaipeleka Prefettura, ofisi ya serikali kuu mkoani, wathibitishe ile sahihi, unabandika stempu ya euro 16. Cheti cha kuzaliwa na hukumu ya talaka vikathibitishwa vikatafsiriwa, na jina liwe sawasawa herufi kwa herufi, langu kwenye cheti lilikuwa na h moja ya ziada na hiyo h ilinila wiki sita. Halafu karani akaniuliza nimeachika lini. Nikadhani ni umbeya, kumbe ni sheria, kifungu cha 89 cha sheria yao ya kiraia, mwanamke aliyeachika au aliyefiwa kwa kawaida angoje siku 300 ndo aolewe tena, asipongoja basi awe na ruhusa ya mahakama. Yangu ilikuwa imepita miaka minne kwa hivyo haikunigusa, lakini mwenye talaka ya juzi alijue hili kabla hajalipa dipoziti popote. Nilimsimulia jirani yetu wa Malindi, mama wa Kiislamu aliyenilea nusu, akasema, "Kumbe nao wana eda!" Alifurahi, siku nzima akawa anawasimulia watu.

Kwa vile sisi ni wakazi, ilibidi pia tangazo la ndoa liwekwe Bologna siku 8, siku hizi linakaa kwenye tovuti ya ofisi ya mji, na tangazo likishapita una siku 180 za kufunga ndoa, zikiisha unaanza upya. Kisha Bologna wakawaandikia Maiori kwamba fungisheni nyinyi. Ukiwahi sana muda unakuishia, ukichelewa tarehe inakupita, mi niliandika tarehe zote kwenye karatasi moja nikaibandika kwenye friji. Na mkubaliane mapema kama mali itakuwa ya pamoja au kila mtu na yake, manake msiposema kitu sheria yao inahesabu ni ya pamoja.

Sasa ufukwe wenyewe. Watu wengi hawajui kwamba mchangani huwezi tu kusimama ukafungishwa ndoa. Ndoa ya serikali inafungwa kwenye ofisi ya mji au mahali ambapo mji umepapitisha rasmi, kuna miji imepitisha hata ufukwe wake na mingine haijapitisha, na kanisa Katoliki kwa kawaida linataka ndoa ndani ya kanisa. Kwa hivyo anayewauzia harusi ya mchangani mumuulize, hii ni ya kisheria au ni sherehe tu? Yoyote ni nzuri lakini mjue mnalipia ipi. Sisi tulifungia Palazzo Mezzacapo, jumba la kizamani palepale kwenye ile barabara pana, bustani zake zimekatwa kwa umbo la msalaba wa Malta, halafu tukatembea kwa miguu mpaka baharini, mama mbele. Muziki nao una kibali chake, kinalipiwa SIAE, chama cha haki za watunzi, hata kama ni spika moja na wageni kiganja. Na Agosti muiache kabisa, tarehe 15 ni sikukuu yao, inaonekana Italia nzima imehamia baharini. Septemba maji bado yana joto na mwenye mkahawa ana muda wa kukaa na nyinyi akawasikiliza.

Kuhusu wasioalikwa, kazi hiyo aliifanya mama. Alipita nyumba kwa nyumba kwa shangazi zangu kabla hatujalipa hata shilingi, wakanuna, akarudi tena, wakalegea. Mume wangu alikuwa ameshaenda kwa wazee, mahari ikatolewa, mnazi ukanywewa kama desturi yetu Wagiriama, hapo hatukupunguza kitu. Nadhani ndo maana watu walikubali. Wageni wa safari walikuwa wachache lakini heshima yao ilikuwa ishafika mlangoni. Desemba tukarudi Malindi tukapika pilau, kila aliyetaka akaja.

Siku yenyewe afisa wa mji alivaa ule mshipi wa rangi tatu za bendera begani, mashahidi wawili wakasimama, na kwa sheria lazima asome vifungu vitatu, 143, 144 na 147. Mi Kitaliano nakielewa, mkalimani hakuhitajika, lakini tulimuomba asome polepole na dadangu akawa ananong'ona kwa Kiswahili sikioni mwa mama. Mume na mke wana haki sawa na wajibu sawa. Waaminiane, wasaidiane, wakae pamoja. Kila mmoja achangie mahitaji ya nyumba kwa kadiri ya uwezo wake wa kazi, iwe kazi ya nje au ya nyumbani. Mama akainua mkono. Afisa akanyamaza, watu wote tukanyamaza.

"Mwambie arudie hapo pa kazi ya nyumbani."

Dadangu akatafsiri, na yule afisa, Mungu ambariki, akarudia neno kwa neno akimtazama mama na si sisi. Mamangu amelea watoto sita, alfajiri anakaanga mahamri ya kuuza, mchana shambani, usiku anafua, na hakuna mtu aliyewahi kumsomea karatasi ya serikali inayosema kwamba kazi ya nyumbani ni kazi. Akashusha mkono wake. Akapiga kigelegele, peke yake katikati ya bustani ile, dadangu akampokea, kisha mama mkwe wangu naye akajaribu, na mimi nikawa nimesahau kabisa kwamba kuna pete.

Jioni tulikula ufukweni, dagaa wabichi wa limau, samaki wa kuoka, na biringani za chokoleti ambazo Maiori wanazipika msimu wa joto, ndio, biringani kwenye chokoleti, mama akaonja akaomba tena. Mwisho kila mgeni hupewa lozi 5 zilizopakwa sukari nyeupe, ni desturi yao, afya, mali, furaha, uzazi na maisha marefu. Mama zake alizimimina kwenye kiganja akazihesabu. Akala mbili, na tatu akazifunga kwenye pindo la leso, akasema hizi ni za mjomba wako.