Forester kugonga nyuma ukitoa D kwenda R

Ndugu, huo mlio wa "ko!" nyuma ya Subaru Forester yako ukitoa gia D (kwenda mbele) kwenda R (kurudi nyuma) usikukimbize kununua difu nzima (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma). Inua gari uliweke kwenye stendi, kisha sukuma difu kwa mtaimbo: ikilegalega, na mpira unaoishikilia umechanika, tatizo ni bushi (ndiyo mpira huo wa kushikilia). Kagua na krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu nyuma), nazo hugonga hivyo hivyo.

Fundi aegemeze difu kwenye jeki kabla ya kufungua bolti. Bushi za zamani aziwekee alama zilivyokaa, maana matundu ya mpira yana upande wake. Azitoe kwa presi. Wengine huzichoma moto, tangi la mafuta likiwa jirani kabisa! Za poliyurithani (plastiki ngumu) hudumu, ila utausikia mvumo wa difu ndani. Mimi ningefunga za mpira.