skip na seek za dd: umeme ukikatika katikati ya kunakili kadi, unaendelea kuanzia wapi?

Mkuu, pole. Narudia swali lako kwa kifupi ili na mwingine atakayepita hapa aelewe. Uko Arusha, una kadi ya kamera ya GB 32 ya dereva wa watalii aliyeshuka kutoka Serengeti. Ulikuwa unainakili kwa dd (programu ya Linux inayonakili kifaa kizima baiti kwa baiti) yenye bs=4M, umeme ukakatika nakala ikiwa imefika bloku 2700. Uliporudi ukaandika hivi:

dd if=/dev/sdb of=kadi.img bs=1M skip=2700

Kazi ikaisha bila kulalamika, lakini kadi.img haifunguki, na programu ya kurejesha picha inatoa vipande vipande.

Kwanza tulia, kadi yenyewe iko salama. Ilikuwa upande wa if, yaani chanzo, na dd upande huo husoma tu; of ndiyo faili linaloandikwa. Kilichoharibika ni nakala, na hiyo njia rahisi ni uianze upya toka sifuri.

Kosa la kwanza ni hesabu. Namba unayoipa skip si baiti wala si MB, ni idadi ya bloku, na ukubwa wa bloku unaupanga wewe kwa bs. Bloku 2700 za 4M ni baiti 11,324,620,800. Bloku 2700 za 1M ni baiti 2,831,155,200, yaani robo tu ya ulikofika. Ulibadilisha bs lakini hukubadilisha namba. Na usipoweka bs kabisa, dd huchukua baiti 512 kwa bloku, kwa hiyo 2700 ileile ingekuwa MB moja na ushee. Angalia pia herufi: 4M ni 4 × 1,048,576, lakini 4MB ni 4,000,000 kamili. Ukianza na moja ukamalizia na nyingine, picha zote za baada ya kiungo (pale nakala ya kwanza na ya pili zinapoungana) zinahama.

Kosa la pili ndilo lililoua faili. skip inasogeza upande wa kusoma peke yake. Upande wa kuandika una amri yake, seek, na usipoitaja dd inaanza kuandika mwanzo wa faili. Tena kabla hata ya kusoma baiti moja inalifuta faili la zamani likawa tupu. Kwa hiyo sasa kadi.img yako inaanza na data iliyotoka katikati ya kadi. Sekta ya mwanzo yenye maelezo ya mfumo wa mafaili haimo, ndiyo maana haifunguki.

Siku nyingine umeme ukikata, fanya hivi. Ukishawasha mashine, usiandike amri yoyote ya dd kabla ya kuangalia lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizopo. Baada ya kuwasha upya, kadi iliyokuwa sdb inaweza kuwa sdc, na sdb ikawa diski yako ya nje. Linganisha ukubwa na jina la kifaa, au tumia njia ya /dev/disk/by-id, hiyo haibadiliki. Kisha uliza faili limefika wapi:

stat -c %s kadi.img

Gawanya kwa 4194304, chukua namba nzima, acha mabaki. Tuseme umepata 2700. Usianzie hapo hapo. Linux haishushi data diskini papo hapo. Kwa mpangilio wa kawaida inaweza kukaa nayo kwenye RAM sekunde 30 hivi kabla ya kuilazimisha. Umeme ukikata, mkia wa faili unaweza kuwa mfupi au umejaa sifuri huku ukubwa ukionekana sawa. Kadi inayosoma MB 40 kwa sekunde, sekunde 30 ni zaidi ya GB moja. Rudi nyuma GB 2, yaani bloku 512 za 4M, uanzie 2188. Dakika moja unayorudia si kitu mbele ya picha za mtu.

Kabla ya kuendelea, hakiki kwamba sehemu iliyo nyuma ya kiungo ni nzima. Bloku 2188 ni MB 8752, basi linganisha MB 64 zinazoishia hapo:

cmp -n 64M -i 8688M kadi.img /dev/sdb

Ikinyamaza, zinafanana. Ikisema kuna tofauti, rudi nyuma zaidi. Baada ya hapo:

dd if=/dev/sdb of=kadi.img bs=4M skip=2188 seek=2188 conv=notrunc,fsync status=progress

Namba ya skip na ya seek ni moja kwa sababu bloku ya kadi lazima ikae mahali palepale ndani ya nakala. Ukitenganisha ukubwa kwa ibs na obs, kumbuka skip huhesabu kwa ibs na seek kwa obs. Hapo namba hazitafanana tena. Kwa kazi hii tumia bs tu.

Kuhusu notrunc, wengi wanaiandika bila kujua inazuia nini. Ukitumia seek bila notrunc, dd inalikata faili pale seek ilipofika, kisha inaandika kuanzia hapo. Unapoendeleza nakala hadi mwisho, hilo halikudhuru sana, kwa kuwa mkia unaandikwa upya. Lakini siku utakapotaka kurekebisha kipande cha katikati, mathalani bloku 10 kuanzia ya 500 kwa skip=500 seek=500 count=10, bila notrunc kila kilicho kuanzia bloku ya 510 kimekwenda. Kwa hiyo iweke kila mara faili likiwa tayari na kitu ndani. Kifaa kama /dev/sdb hakikatwi, ila bado kitaandikwa juu.

Kutoa patisheni moja (sehemu ya diski yenye mfumo wake wa mafaili) kutoka kwenye nakala ni hesabu hiyohiyo. fdisk -l kadi.img ikikuonyesha inaanzia sekta 8192, zidisha kwa 512, unapata 4,194,304, ambayo ni bloku moja kamili ya 4M, basi skip=1. Kadi au diski ya zamani inayoanzia sekta 63 inatoa 32,256, na hiyo haigawanyiki kwa 4M. Watu hukimbilia bs=1. Itafanya kazi, lakini kila baiti inasomwa na kuandikwa peke yake, utalala hapo. Afadhali:

dd if=kadi.img of=patisheni.img bs=4M iflag=skip_bytes skip=32256

Bloku inabaki kubwa, skip inahesabiwa kwa baiti. Kwa upande wa kuandika ni oflag=seek_bytes. Kwenye coreutils (kifurushi chenye dd) toleo 9.1 na kuendelea unaweza kuandika tu skip=32256B.

Ukisoma kutoka paipu (alama ya |, inayopitisha data toka programu moja kwenda nyingine), mfano zcat kadi.img.gz | dd bs=4M skip=1, kuna mtego mwingine. Paipu haiwezi kurukwa, kwa hiyo dd inasoma na kutupa, na kila usomaji mmoja inauhesabu bloku moja hata kama umeleta KB 64 tu. Utadhani umeruka MB 4, kumbe hujafika popote. Dalili yake iko kwenye ripoti ya mwisho: namba ya baada ya alama ya jumlisha ndiyo ya bloku pungufu, ukiona 0+ na tarakimu nyingi ujue ndiyo hiyo. Dawa ni iflag=fullblock.

La mwisho, kwa sababu umesema kadi ilikuwa ikikwama kwama. Ikitoa kosa la kusoma, usiongeze conv=noerror peke yake: bloku iliyoshindikana inarukwa bila kuachiwa nafasi, na kila kinachofuata kinasogea kuelekea mwanzo wa faili. Ukiweka noerror,sync nafasi inajazwa sifuri, ila kwa bs=4M sekta moja mbovu inaweza kukuondolea MB 4 nzima, zinazotosha kuharibu picha. Kadi ya namna hiyo ipe ddrescue, programu ya kunakili vifaa vyenye makosa ya kusoma:

ddrescue /dev/sdb kadi.img kadi.map

Mahali ilipofika inaandika yenyewe kwenye kadi.map. Umeme ukikata, rudia amri ileile bila kuhesabu chochote, mradi tu umehakikisha kwa lsblk kwamba sdb bado ni kadi.